Korodani Iliyobaki Baada ya Mwenzake Kujisokota

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 27, naishi Morogoro. Nilipokuwa na miaka 16, nikiwa shule ya bweni, korodani yangu ya kushoto iliniuma ghafla usiku. Patroni alisema ni ngiri, nikapewa vidonge vya maumivu, na nilifikishwa hospitali siku ya pili jioni. Nilipasuliwa, wakaitoa, wakasema ilijisokota na imeshakufa. Sasa ninatarajia kuoa. Mjomba ananiambia kuwa korodani ikifia mwilini humwachia mwenzake sumu, ndiyo maana wanaume wa namna yangu hawazai. Nimesoma pia kwamba mwili unaweza kuishambulia korodani iliyo nzima. Je, ni kweli? Hii iliyobaki haina shida, ila mwaka jana iliniuma ghafla mara mbili, kwa kama nusu saa, ikapanda juu, kisha ikatulia yenyewe.

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nitakujibu ulichouliza, tena kwa kirefu, lakini naomba nianze na lile ulilolitaja mwishoni kana kwamba si kitu. Maumivu ya ghafla yanayodumu nusu saa, korodani ikiwa imepanda juu, kisha yakaondoka kama yalivyokuja, kwa mtu ambaye korodani yake ya upande wa pili ilikwishajisokota, sisi huyahesabu kuwa ni msokoto unaojifunga na kujifungua wenyewe mpaka ithibitike vinginevyo. Kwa hiyo usingoje harusi ipite. Nenda wiki hii kwenye hospitali yenye daktari wa upasuaji, na kama yupo bingwa wa mfumo wa mkojo, muone huyo. Maumivu yakirudi kabla hujafika huko, usikae ukihesabu dakika kuona kama yatapoa: ondoka saa hiyo hiyo, hata ikiwa usiku wa manane, na usile wala kunywa chochote njiani, kwa sababu tumbo lililojaa huchelewesha dawa ya usingizi.

Sababu ya haraka hiyo iko katika maumbile. Kwa wanaume wengi korodani imeshikizwa kwa nyuma kwenye ukuta wa mfuko wake, na utando unaoizunguka huifunika upande wa mbele na pembeni tu. Kwa wachache utando huo huizunguka korodani yote na kupanda hadi kwenye kamba iliyobeba mishipa ya damu, hivyo korodani hubaki ikining'inia ndani ya nafasi kama ulimi wa kengele. Misuli ya kamba hiyo ikijikaza ghafla, mara nyingi usingizini au kwenye baridi, korodani huzunguka, kamba hujikunja, na damu hukatika. Maumbile hayo hayachagui upande: yakiwapo kushoto, kwa kawaida yapo na kulia. Ndiyo maana daktari anayempasua kijana mwenye msokoto hushonea na korodani ya upande wa pili kwenye ukuta wa mfuko palepale, kwa nyuzi zisizoyeyuka, ili isije ikafuata njia ya mwenzake.

Hukuniambia kama ya kwako ilishonewa, na nadhani hukuniambia kwa sababu hujui. Hilo ni jambo la kawaida kwa mtu aliyepasuliwa akiwa na miaka 16, wazazi wako mbali, na karatasi zikabaki mikononi mwa shule. Tafuta maelezo ya upasuaji kwenye hospitali uliyotibiwa. Miaka 11 ni mingi, lakini mafaili huwa yanapatikana kuliko watu wanavyodhani. Usilitegemee kovu. Kovu moja katikati ya mfuko halithibitishi lolote, kwa sababu daktari huweza kuzifikia korodani zote mbili kwa kupasua hapo, na huweza pia kuishughulikia moja tu. Na hata ukikuta imeandikwa kwamba ilishonewa, dalili ulizozieleza bado zinataka uchunguzi, kwa kuwa wapo wachache ambao korodani ilijisokota tena baada ya kushonewa, hasa pale zilipotumika nyuzi zinazoyeyuka.

Jambo moja zaidi kuhusu hili kabla sijaliacha. Huenda ukapimwa ultrasaundi ya Dopla, ambayo huonyesha damu inavyopita, ukaambiwa kila kitu ni kizuri. Kipimo hicho kikifanywa wakati maumivu hayapo, ni sawa na kuitazama barabara baada ya msongamano kuisha. Korodani iliyojifungua yenyewe huonekana nzima, na mara nyingi ni nzima kweli. Uamuzi wa kuishonea hutokana na maelezo yako mwenyewe, basi yaeleze kikamilifu: saa ngapi yalianza, ulikuwa unafanya nini, kama ulitapika, kama ilikuwa imekaa mlalo ulipoishika. Upasuaji wenyewe ni mdogo, hauchukui muda mrefu, unaweza kufanywa kwa ganzi ya mgongoni, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kwa mtu aliyebakiwa na korodani moja, sioni hoja ya kusubiri.

Sasa nije kwa mjomba wako. Kauli yake ya sumu si sahihi kama alivyoisema, lakini pia si ya kuchekwa, maana hofu iliyo ndani yake iliwashughulisha watafiti wa tiba kwa miongo kadhaa. Korodani iliyokosa damu hufa, tishu zake hupondeka, na mabaki husafishwa na mwili kama unavyosafisha kidonda kingine chochote. Hakuna mrija unaounganisha korodani moja na nyingine, wala hakuna sumu inayokaa miaka ikimnyemelea aliyebaki. Na kwa upande wako chanzo chenyewe kiliondolewa. Swali lililowashughulisha watafiti lilikuwa jingine: je, katika saa na siku zile, kabla korodani iliyokufa haijatolewa, mwili unaweza kujifunza kuiona korodani nzima kuwa adui?

Hoja yenyewe ina mantiki nzuri. Mbegu za kiume hazipo mwilini tangu kuzaliwa. Huanza kutengenezwa wakati wa kubalehe, ilhali kinga ya mwili ilikwishajifunza mapema kutofautisha kilicho chake na kisicho chake. Kwa kinga hiyo, mbegu ni wageni. Kinachozuia ugomvi ni ukuta uliojengwa na seli za Sertoli ndani ya vijirija vinavyotengeneza mbegu, ukuta unaozitenga mbegu na damu. Msokoto unaweza kuubomoa. Mbegu zikikutana na damu, mwili huweza kutengeneza kingamwili dhidi yake, na kingamwili haziulizi kama mbegu imetoka kushoto au kulia. Jambo la namna hii lipo kweli kwenye jicho: jicho moja likichomwa kwa ndani, kwa nadra jicho la pili ambalo halikuguswa huvimba na huweza kupofuka. Waliotazama korodani walidhani wamekutana na ndugu wa ugonjwa ule. Kumbuka pia kwamba, kwa mantiki hiyo hiyo, mtoto ambaye hajabalehe hana mbegu za kumwaga kwenye damu. Wewe ulikuwa na miaka 16, kwa hiyo hoja hii inakugusa angalau kwa nadharia.

Mwaka 1982 Harris Nagler na Robert deVere White wa Marekani walichapisha majaribio ya panya yaliyoonyesha kwamba msokoto wa upande mmoja unaweza kuidhuru korodani ya upande wa pili. Makala ile iliwatia wapasuaji wasiwasi mkubwa. Wengine wakaanza kusema kwamba korodani yenye shaka, ambayo haijulikani kama itapona, heri itolewe kuliko kuachwa ikawa chanzo cha vita ya kinga mwilini. Miaka mitano baadaye, 1987, Terry Turner wa Chuo Kikuu cha Virginia naye alisokota korodani za panya, na alichokipata alikisema waziwazi katika kichwa cha makala yake: hakuna athari upande wa pili. Kuanzia hapo maabara zimepingana mara nyingi. Tofauti hizo zina maelezo ya kawaida: aina ya panya, umri wao, kama kamba ilizungushwa mara moja au mara mbili, iliachwa saa ngapi, na korodani iliyoharibika ilirudishwa ndani au ilitolewa. Panya ambaye korodani yake ilizungushwa digrii 720, yaani mizunguko miwili kamili, kwa makusudi na kijana aliyeamka bwenini akilia si mgonjwa mmoja.

Zipo njia nyingine mbili zilizopendekezwa za korodani moja kumdhuru mwenzake, na nitazitaja kwa ufupi. Ya kwanza ni kwamba maumivu makali huamsha neva zinazobana mishipa ya damu, na mishipa ya korodani ya pili ikabanwa pamoja, hivyo nayo ikapungukiwa na damu kwa muda. Ya pili inahusu damu inaporudi baada ya kamba kufunguliwa: oksijeni inayoingia kwa ghafla kwenye tishu zilizokuwa na njaa huzaa molekuli kali zinazochoma seli, na baadhi ya watafiti wanadhani moto huo huvuka ng'ambo. Hii ya pili haikuhusu sana, kwa sababu kwako damu haikurudishwa. Korodani ilitolewa ikiwa imekufa. Ni ajabu ya tiba kwamba hapa aliyepoteza korodani yote ameepushwa na jambo ambalo aliyeokolewa nusu hulipitia.

Lililonishawishi mimi zaidi si majaribio ya panya, bali vipande vidogo vya tishu vilivyokatwa kutoka kwenye korodani nzima za wagonjwa walipokuwa mezani wakifanyiwa upasuaji wa msokoto. Faruk Hadziselimovic na wenzake walieleza mwaka 1998 kwamba seli nyingi kuliko kawaida zilikuwa zikijiua ndani ya korodani hizo. Wengine waliochunguza tishu za namna hiyo waliona vijirija vyenye kasoro ambazo haziwezi kuwa zimezaliwa na tukio la saa chache. Zilionekana kuwa za zamani. Maana yake ni nzito. Huenda wanaume kadhaa wanaopatwa na msokoto walizaliwa na korodani mbili zenye udhaifu kidogo, kwa ukaaji na kwa uzalishaji pia, na msokoto ukaufichua udhaifu ule bila kuwa chanzo chake. Kwa mtazamo huo, mtu akipimwa miaka kumi baadaye na mbegu zake zikaonekana chache, si haki kuitupia lawama zote korodani iliyokufa. Zote mbili zilitoka kwenye kiwanda kimoja.

Huo ndio msimamo wangu baada ya kuwafuatilia wagonjwa kwa miaka mingi: korodani iliyobaki haitishwi na mwenzake aliyekwenda, inatishwa na kile ilichoshirikiana naye tangu tumboni mwa mama. Sehemu ya ushirika huo, yaani kuning'inia, inarekebishwa kwa uzi na sindano. Sehemu nyingine, yaani uwezo wa kutengeneza mbegu, hupimwa, na ukishapimwa mtu anajua anasimama wapi.

Kuhusu kuzaa, habari ni njema kuliko unavyoambiwa kijiweni. Utafiti kutoka Israeli uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia wanaume waliowahi kutibiwa msokoto na kuuliza jambo la msingi kabisa: je, wake zao walipata mimba? Takriban tisa kati ya kila kumi waliotaka mtoto walimpata, na waliotolewa korodani hawakuwa nyuma ya wale ambao yao iliokolewa na kushonewa. Huko São Paulo, Brazil, Marco Arap na wenzake walieleza mwaka 2007 kwamba wanaume waliopata msokoto zamani walikuwa na homoni za kiwango cha kawaida, na kwamba kingamwili dhidi ya mbegu hazikuwa zimepanda kwao ikilinganishwa na wanaume wenye uwezo wa kuzaa. Hii ndiyo sababu siku hizi hatumpimi kila mtu kingamwili hizo. Tunazitafuta pale tu mbegu zinapoonekana kugandana zenyewe kwa zenyewe chini ya darubini, au mimba isipopatikana bila sababu nyingine.

Usichanganye mambo mawili, kwani wengi huyachanganya: kuwa na mbegu chache kuliko mwenye korodani mbili, na kutoweza kuzaa. La kwanza hutokea kwa wanaume wengi waliopatwa na msokoto. La pili ni la wachache. Mwili umewekewa akiba kubwa. Korodani moja ikiondoka, tezi iliyo chini ya ubongo huongeza homoni zinazoihimiza iliyobaki, na kwa kijana aliyeipoteza kabla hajamaliza kukua, iliyobaki mara nyingi hunenepa kidogo kufidia. Seli za Leydig zinazotengeneza testosteroni ni sugu kuliko zile zinazotengeneza mbegu. Hata msokoto wenyewe huziua mbegu kwanza. Kwa hiyo sauti, ndevu, misuli, hamu na nguvu za tendo la ndoa haviko hatarini kwa sababu ya korodani moja kukosekana, na anayekuambia vinginevyo hujui anakuuzia nini.

Sasa vipimo. Omba kipimo cha shahawa kwenye maabara inayokifanya mara kwa mara, si ile inayokifanya mara moja kwa mwezi. Jizuie kutoa shahawa kwa siku zisizopungua 2 na zisizozidi 7. Zote zikusanywe kwenye chombo, hasa matone ya kwanza, kwa sababu ndiyo yenye mbegu nyingi. Yakimwagika, sema, usione haya. Kama unatolea nyumbani, chombo kifike maabara ndani ya saa moja kikiwa na joto la mwili. Na kama uliugua malaria au homa nyingine kali katika miezi mitatu iliyopita, mwambie daktari, maana mbegu moja huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, na homa ya leo huonekana kwenye kipimo cha baadaye. Kipimo kimoja kibaya hakihukumu mtu. Kirudiwe baada ya miezi mitatu hivi.

Utakapopewa majibu, utaona yanalinganishwa na viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021: milioni 16 za mbegu kwa kila mililita, na milioni 39 kwa jumla ya shahawa zote zilizotoka. Namba hizo si mpaka kati ya mgumba na asiye mgumba. Zilipatikana kwa kuwapima wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, kisha kuchukua kiwango ambacho asilimia 5 walikuwa chini yake. Maana yake ni kwamba wapo akina baba waliozaa wakiwa chini ya namba hizo. Pamoja na shahawa, kipimo cha damu cha homoni ya FSH husaidia: ikiwa juu sana, ni ishara kwamba ubongo unapiga kelele kuihimiza korodani inayojibu kwa uzito. Daktari pia aipime korodani kwa ukubwa; ya mtu mzima huwa kati ya mililita 15 na 25 hivi.

Kama majibu yatakuwa mazuri, na natarajia hivyo, bado ningekushauri ufikirie kugandisha mbegu kwenye kliniki ya uzazi. Huduma hiyo ipo Dar es Salaam na Nairobi. Si lazima, na ni gharama. Lakini mwenye korodani moja yenye dalili kama zako, ambaye hajapata mtoto bado, akiweka akiba kabla ya upasuaji simwiti mwoga.

Yapo pia ya kuepuka. Usikubali sindano au jeli za testosteroni, wala dawa za kujaza misuli zinazouzwa kwenye vyumba vya mazoezi, hata ukiambiwa ni za kuongeza nguvu za kiume. Testosteroni inayotoka nje huuambia ubongo kwamba kazi imekwisha, ubongo ukaacha kuihimiza korodani, na mbegu zikapungua hadi pengine kuisha kabisa. Nimewaona vijana walioharibu kwa miezi sita kilichokuwa hakina kasoro. Kisonono na klamidia zitibiwe mapema, pamoja na mwenzi, kwani huziba njia ya mbegu, na wewe una njia moja. Ukicheza mpira, vaa kinga ya plastiki. Kama hukuwahi kuugua matubwitubwi wala kuchanjwa, uliza kuhusu chanjo, kwa kuwa ugonjwa huo ukimpata mtu mzima huweza kushuka kwenye korodani.

Nalazimika kusema neno kuhusu yule patroni, bila kumlaumu peke yake. Kwetu kila uvimbe au maumivu ya sehemu hizo huitwa ngiri au mshipa, na ukanda wa pwani kuanzia Tanga hadi Mtwara umeishi na mabusha ya matende kwa muda mrefu kiasi kwamba watu wamezoea kuyaona kama mambo ya kunywea mizizi na kungoja. Busha huja taratibu kwa miezi na miaka, kwa kawaida bila maumivu ya kupiga kelele. Msokoto huja kwa dakika, mara nyingi kwa mvulana au kijana, na huambatana na kichefuchefu. Akifunguliwa ndani ya saa 6, korodani huokolewa kwa sehemu kubwa sana ya wagonjwa. Baada ya saa 24, wanaookolewa ni wachache mno. Kama una wadogo zako wa kiume, waeleze tofauti hiyo kwa lugha ya nyumbani, maana tatizo hili wakati mwingine hufuata ukoo.

Kuhusu mchumba wako, hukuniuliza, ila naliona swali hilo nyuma ya barua yako. Mwambie kwamba una korodani moja na kwamba unakwenda kuishonea. Ni habari fupi, na ni afadhali aipate kutoka kwako kuliko kutoka kwa mjomba. Majibu ya shahawa yanaweza kufuata baadaye, mkiwa wawili. Ukienda hospitali, chukua kadi yoyote ya zamani uliyo nayo, andika tarehe za maumivu yale mawili ya mwaka jana kadiri unavyokumbuka, na sentensi ya kwanza utakayomwambia daktari iwe hii: "Nina korodani moja, na imeniuma mara mbili kama ile ya kwanza ilivyoniuma."